Bwana Kauffman na Timu Aliyouachia Mji Wake

Ndugu mwanafunzi, majina ya wachezaji tunayajua sana, lakini ya wenye timu ni nadra. Leo tumtazame mmoja wao, Bwana Ewing Marion Kauffman wa Marekani. Hakuwa Muislamu, na alipokuwa jeshini alicheza karata za pesa, jambo ambalo hatumwigi. Tunamtaja kwa namna alivyoitumia mali yake.

Alizaliwa mwaka 1916 katika jimbo la Missouri, akakulia mji wa Kansas City. Akiwa na miaka 11 moyo ulimsumbua, akalazwa kitandani karibu mwaka mzima. Muda huo aliutumia kusoma vitabu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alipata kazi ya kuuza dawa. Aliuza sana hata pato lake likampita mkuu wa kampuni. Badala ya shukurani, akapunguziwa malipo, kisha akapunguziwa na eneo la kazi. Akaacha. Mwaka 1950 alianzisha kampuni yake mwenyewe katika chumba cha chini cha nyumba yake, kwa dola 5,000. Aliiita Marion, jina lake la kati, ili wateja wasijue kuwa kampuni nzima ni mtu mmoja! Mchana alizunguka kwa madaktari, usiku akafungasha dawa. Miongoni mwake vilikuwamo vidonge vya makombe ya chaza yaliyosagwa.

Alivyodhulumiwa hakusahau. Wafanyakazi wake aliwagawia faida na hisa, na mamia yao wakawa mamilionea.

Timu ya besiboli ya mji ilipohamishwa baada ya msimu wa 1967, Kauffman alijitokeza kuanzisha nyingine, Kansas City Royals, iliyoanza kucheza 1969 na kutwaa ubingwa mwaka 1985. Mwaka 1988 alirudi Westport, shule aliyosoma zamani, akawaahidi wanafunzi kuwalipia chuo au mafunzo ya ufundi. Sharti lake: wamalize shule, wajiepushe na dawa za kulevya, wala wasipate mtoto mapema. Wazazi nao walishirikishwa katika mapatano hayo.

Alipougua saratani ya mifupa, hofu yake ilikuwa moja: tajiri wa mbali asije akainunua timu na kuihamisha kama ile ya kwanza. Basi akapanga timu itolewe kwa taasisi ya hisani ya mji, itunzwe mpaka apatikane mnunuzi atakayeibakisha hapo, na fedha za mauzo ziende kwenye hisani. Ni mpango unaokaribia wakfu tunaoujua sisi.

Alifariki tarehe 1 Agosti 1993. Timu iliuzwa mwaka 2000 kwa dola milioni 96, na haikuhama. Mfuko aliouanzisha miaka ya 1960 uliendelea na kazi, na mwaka 2011 ulifungua shule mjini humo. Wanafunzi wake wa mwanzo waliingia darasa la tano.