Mchungaji wa Bonde la Mawe

Safari hii twataka kuwaeleza maisha ya mchungaji mmoja wa Kilutheri, Johann Friedrich Oberlin, aliyefariki mwaka 1826. Jina lake lajulikana sana Ulaya, na hata Marekani, maana mwaka 1833 mji mmoja wa Ohio pamoja na chuo chake viliitwa Oberlin kwa kumkumbuka. Walakini yeye hakuwa mkuu wa kanisa wala mtu wa mali. Alikaa karibu miaka 60 katika usharika mmoja maskini wa milimani, na huko ndiko alikofia.

Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 mjini Strasbourg, katika jimbo la Alsace, akasoma elimu ya dini mjini humo. Hata mwaka 1767 alikuwa amekwisha kukubali kazi ya uchungaji wa askari katika jeshi la Wafaransa, ndipo alipojiwa na Mchungaji Stuber wa Waldersbach, aliyekuwa akitafuta mtu wa kushika kazi yake. Husimuliwa kwamba Stuber alimkuta katika chumba kidogo cha orofani, chungu chake kimeangikwa juu ya taa ili apate kupika mkate kwa maji. Akafahamu kuwa mtu awezaye kuridhika na chakula kile ndiye afaaye. Oberlin akaiacha kazi ya jeshini, akaenda.

Usharika ule ulikuwa na vijiji vitano katika milima ya Vosges. Kwa Kijerumani nchi ile huitwa Steintal, maana yake Bonde la Mawe, na jina hilo si la uongo. Udongo wake ni haba, na baridi yake hudumu miezi mingi. Njia zilikuwa mbaya mno, hata mto Bruche ukifurika watu walitengwa na masoko. Stuber alikuwa ameanza kuwafundisha kusoma na kuwapatia vitabu. Oberlin hakuubomoa msingi wa aliyemtangulia. Alijenga juu yake.

Twapenda wasomaji waangalie jinsi alivyoianza kazi. Hakuomba apewe usharika mwingine, wala hakuwalaumu watu kwa umaskini waliozaliwa nao. Mawe yalikuwapo, basi akayatumia. Aliwaita washarika wapasue mwamba, wajenge ukuta kando ya mto, na kutengeneza barabara ya kuwaunganisha na njia kuu ya Strasbourg. Wengi wakakataa, wakisema haiwezekani. Ndipo alipotwaa sululu begani mwake, akaenda kuchimba mwenyewe, akichagua mahali penye miiba na hatari. Wakaona haya, wakamfuata mmoja mmoja. Barabara ikatengenezwa, na daraja likajengwa juu ya mto.

Shamba nalo alilitazama vivyo hivyo. Hakuweza kuubadili udongo kwa siku moja, lakini aliweza kuonyesha matumizi ya samadi. Basi akalima bustani yake kando ya njia watu walipopita, ili waone kwa macho kabla ya kusikia kwa masikio. Akaleta mbegu njema za viazi na kitani, akawafundisha kupanda miti ya matunda, na vijana waliotaka kupokea kipaimara walitakiwa kwanza kuwa wamepanda miti. Waliolemewa na madeni akawawekea akiba ya kuwakopesha.

Jambo lililomtangaza zaidi ni malezi ya watoto wadogo. Wazazi walipokwenda mashambani, watoto walibaki bila mlinzi. Msichana mmoja, Sara Banzet, alikuwa akiwakusanya na kuwafundisha kufuma. Oberlin na mkewe, Madeleine Salomé, wakaikuza kazi hiyo, na kila kijiji kikapata chumba cha watoto, ambamo walifuma, waliimba, na kujifunza majina ya mimea. Sara akafa mwaka 1774 angali kijana, lakini kazi haikufa pamoja naye.

Mwaka 1783 mkewe Oberlin naye akafariki, akamwachia watoto wadogo. Louise Scheppler, msichana wa kijiji cha Bellefosse aliyekuwa akitumika nyumbani mwao, akawalea watoto wale bila kupokea mshahara, akaendelea kuwafundisha watoto wa bonde. Baadaye yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwana mkubwa wa Oberlin akauawa vitani mwaka 1793. Ibada zikakatazwa; watu wakakutana kama chama cha raia, na mchungaji wao akawa msemaji wao. Mwaka 1794 akakamatwa, akafunguliwa baada ya kuanguka kwa Robespierre, akarudi kwa watu wake.

Wala kazi zake zote hazikudumu. Alikuwa amewaletea kazi ya kusokota pamba kwa mikono, lakini mashine za viwandani zikaiharibu, watu wakaona njaa tena. Hapo hakusema kwamba taabu yake imekuwa bure. Akampokea Jean-Luc Legrand na wanawe, walioleta kazi ya kufuma tepe za hariri, ambayo watu waliifanya majumbani mwao. Mwaka 1819 mfalme wa Ufaransa akampa nishani ya heshima. Tarehe 1 Juni 1826 akafariki, akazikwa Fouday, katika bonde lile lile.

Wako waalimu wa Injili na wazee wa usharika ambao, wakiona mahali pao pagumu, huchagua moja kati ya mambo mawili. Wengine husema ndivyo Mungu alivyopapanga, wakakunja mikono. Wengine huchukia kila kitu, wakatamani kuhama. Oberlin hakufanya hili wala lile. Baridi, mawe na kifo cha mkewe aliyapokea, kwa kuwa hayakuwa katika uwezo wake. Lakini ujinga, deni na njia mbovu hakuyapokea, kwa kuwa mikono ya watu yaweza kuyaondoa. Basi sisi nasi, tukiisha kuomba, na tutembee usharikani mwetu tukitazama ni jiwe gani liwezalo kuondolewa mwaka huu, tukaanze na hilo.