Bo Randall: Mkulima wa machungwa aliyenunua kisu kimoja, akawa fundi wa visu anayetafutwa na wakusanyaji

WATU wengi wanaoanza kukusanya visu vya kutengenezwa kwa mkono huanza na majina. Husikia kwanza ni fundi gani anayesifiwa, ndipo wakatafuta kisu chenye alama yake. Walter Doane Randall, ambaye ulimwengu wa visu unamkumbuka kwa jina fupi la Bo, alianza upande wa pili. Alikiona kisu kikiwa kazini, akastaajabia makali yake, akakinunua kutoka mikononi mwa aliyekuwa akikitumia.

Kutokana na ununuzi huo mmoja ilizaliwa karakana ambayo visu vyake vilivaliwa viunoni na askari katika Vita Kuu ya Pili, Korea na Vietnam, vikasafiri na wanaanga wa kwanza wa Marekani, na leo hubadilishana mikono kwa bei inayoweza kumtia mnunuzi mgeni katika hasara kubwa asipokuwa makini.

Randall alizaliwa mwaka 1909 mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Orlando, Florida. Orlando ya wakati huo haikuwa mji wa viwanja vya burudani unaojulikana na watalii leo. Ulikuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya michungwa, na ndiyo kazi aliyoishika Randall alipokuwa mtu mzima. Alipenda kuwinda na kuvua samaki, lakini hakuwa mhunzi kwa kurithi wala kwa kusomea.

Mwaka 1937 alikuwa mapumzikoni kando ya ziwa Walloon, katika jimbo la Michigan. Ziwa lile lile ambalo mwandishi Ernest Hemingway alipitishia majira mengi ya joto ya utoto wake. Hapo alimwona mtu akikwangua rangi kuukuu kwenye mashua kwa kutumia kisu cha kuwindia.

Yeyote aliyewahi kukwangua rangi iliyokauka anajua kinachotokea. Makali hufa upesi, ncha hupinda, na kisu cha kawaida cha dukani huishia kuwa chuma cha kufungulia makopo. Kisu kile hakikuharibika. Randall alimshawishi mwenyewe akiuze, naye akakubali.

Fundi wa kisu hicho alikuwa William Scagel, aliyeishi Fruitport, Michigan, na kufariki dunia mwaka 1963. Scagel alikuwa mtu wa peke yake, asiyependa makundi, na alifua visu vyake mwenyewe tangu chuma kibichi hadi ala ya ngozi. Mipini yake huitambulisha kazi yake hata kabla ya kuitazama alama: visahani vya ngozi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mwishoni kipande cha pembe ya ayali. Alama yenyewe ni umbo dogo la jambia la Kimalay lenye bapa la mawimbi. Miongoni mwa waliouza kazi zake lilikuwamo duka maarufu la Abercrombie & Fitch, ambalo enzi hizo liliwahudumia wawindaji na wasafiri matajiri.

Inasimuliwa pia kwamba Scagel aliwatengenezea watoto waliopooza kwa polio vyuma vya kusaidia miguu, na hakuwatoza malipo. Habari hiyo haimhusu mkusanyaji wa visu moja kwa moja, lakini inaeleza kwa nini jina lake hutajwa kwa heshima inayozidi ile ya fundi wa kawaida.

Aliporejea Florida, Randall alitaka kujua kama angeweza kufua kisu kama kile. Cha kwanza alikitengeneza kwa springi ya gari. Msomaji aliyepita kwa wahunzi wa jua kali hatashangaa, kwani mafundi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakigeuza springi za magari kuwa visu na mapanga kwa miaka mingi. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha kushika makali kikipashwa moto na kupozwa ipasavyo, na hupatikana kwa bei nafuu.

Rafiki yake alikinunua kisu hicho. Randall akafua kingine, nacho kikapata mteja. Mwaka 1938 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa biashara yake, iliyoendeshwa katika karakana ndogo kwenye shamba la machungwa.

Baadaye aliachana na springi na kuchagua chuma cha Sweden cha kutengenezea zana. Lakini hakuacha kufua. Viwanda vingi hukata umbo la kisu kutoka kwenye bamba la chuma na kulisaga. Yeye alikipasha chuma moto hadi kikawa chekundu, akakipiga nyundo juu ya fuawe, kisha akakisaga, akakikaza kwa moto na kukipunguzia ugumu kwa kukipasha tena kwa kiasi, ili kisiwe chepesi kuvunjika kama kioo. Ni hatua hiyo ya mwisho inayotofautisha kisu kinachokata kutoka kwa kile kinachong'aa tu. Haionekani kwa macho, na ndiyo maana jina la fundi lina thamani.

Marekani ilipoingia vitani, kazi hiyo ya burudani ilibadilika. Mwaka 1942 askari kijana alifika kwa Randall akitaka kisu cha kupigania ana kwa ana. Mahitaji yake yalikuwa magumu, kwani kisu cha mwindaji huhitaji tumbo pana la kuchunia ngozi, ilhali askari alitaka kisu cha kuchoma na kukata pande zote mbili, na ambacho pia kingefungua kreti, kukata kamba na kupasua kuni.

Kutokana na mahitaji hayo alibuni kisu ambacho hadi leo huitwa Model 1. Kina bapa refu lenye makali upande mmoja na sehemu ya mbele ya mgongo iliyonolewa, kinga ya mkono ya shaba, mpini wa visahani vya ngozi, na ala yenye mfuko mdogo wa kinoo. Mfuko huo wa kinoo unastahili kutazamwa na kila mnunuzi, kwa sababu unaonyesha kwamba kisu kilikusudiwa kutumika na kunolewa mbali na nyumbani.

Habari zilienea kutoka kambi moja hadi nyingine. Magazeti yakaandika. Barua zikaanza kufika Orlando zikiwa hazina anwani kamili, zimeandikiwa tu mtu wa visu, na posta ilizifikisha. Oda zilizidi uwezo wa karakana, hata baadhi ya mabapa yakatengenezwa na kiwanda cha visu katika jimbo la Massachusetts kwa muundo wake. Wakusanyaji wa leo huvitenga visu hivyo katika fungu lao, na bei yake ni tofauti na ya vile vilivyofuliwa Orlando.

Vita ilipokwisha wengi walitarajia karakana ingerudi kwenye visu vya uwindaji pekee. Haikuwa hivyo. Korea ilifuata, kisha Vietnam, na kila vita ilileta mahitaji mapya. Mwaka 1963, kwa ushauri wa daktari mmoja wa jeshi la Marekani, ilizaliwa Model 18, yenye mpini wa bomba la chuma lililo wazi ndani ili askari aweke vidonge, ndoano na kiberiti, na yenye meno ya msumeno mgongoni kwa ajili ya kujikatia njia ya kutoka ndani ya helikopta iliyoanguka. Katika miaka hiyo mahitaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba sehemu ya mabapa ilitengenezwa Solingen, Ujerumani, na visu hivyo hubeba jina la mji huo kwenye chuma.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha angani. Mwanaanga Gordon Cooper alishirikiana na Randall kubuni Model 17, iliyopewa jina la Astro, kwa ajili ya wanaanga saba wa mpango wa Mercury. Kilikuwa kifaa cha kujiokolea iwapo chombo kingetua mahali pasipotarajiwa.

Julai 21, 1961, Virgil Grissom alitua katika Bahari ya Atlantiki ndani ya chombo Liberty Bell 7. Mlango ulifyatuka, maji yakaingia, Grissom akaokolewa, lakini chombo kikazama na kisu kikiwa ndani. Grissom mwenyewe alifariki mwaka 1967 katika moto wa Apollo 1. Chombo kilipoibuliwa Julai 1999 kutoka kina cha zaidi ya mita 4,500, kisu kilikuwa bado kimo. Baada ya miaka 38 katika maji ya chumvi, kilisafishwa kidogo tu na kikaonekana kuwa bado kinafaa kwa kazi.

Randall hakuwa fundi pekee bali pia mkusanyaji. Kwenye karakana yake kulikuwa na jumba dogo la makumbusho lenye maelfu ya visu na silaha nyingine za makali, zikiwamo kazi za Scagel. Mwaka 1983 mwanamuziki Guy Clark wa Texas alitoa wimbo unaohusu kisu cha Randall alichoachiwa na baba yake, na wapo walioanza kukitafuta kisu hicho kwa sababu ya wimbo huo tu.

Bo Randall alifariki dunia Desemba 25, 1989, akiwa na umri wa miaka 80. Mwanawe Gary aliiendeleza kazi hiyo, na karakana ikabaki Orlando.

Kwa anayetaka kununua kisu chake cha kwanza cha aina hii, yaani kisu kisichokunjwa ambacho chuma cha bapa huingia hadi ndani ya mpini, maisha ya Randall yana faida ya moja kwa moja. Soko la visu vya zamani limejaa maelezo matamu. Kisu cha wakati wa vita huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola, na palipo na bei hiyo hapakosi waghushi.

Jambo la kwanza ni ala. Ala nyingi za tangu miaka ya vita hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilitengenezwa na Heiser wa Denver, Colorado. Zikafuata za Johnson, kisha za Sullivan. Muuzaji akikuambia kisu ni cha mwaka 1944 na kimo ndani ya ala ya Johnson, si lazima awe mwongo, kwa maana ala huchakaa na kubadilishwa, lakini bei lazima ishuke.

Jambo la pili ni jina la mwenyewe. Askari wengi waliandikisha majina yao kwenye bapa, na jina linaloambatana na barua au picha ya vitani huongeza thamani sana. Jina lisilo na karatasi yoyote halithibitishi kitu, maana linaweza kuchongwa leo mchana.

La tatu ni namna kilivyotunzwa. Ngozi ya ala hufyonza unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma na kuifanya shaba iote ukungu wa kijani, hivyo kisu kinachohifadhiwa ndani ya ala kwa miaka huharibika polepole. Kibaya zaidi ni kusugua. Mwenye kisu akikipeleka kwa fundi king'arishwe, alama hufifia, pembe za bapa hulainika, na sehemu kubwa ya bei hupotea kwa saa moja.

Hapa mwandishi anakiri kwamba upendeleo wa soko ni wa ajabu. Kisu kinachopata bei ya juu kabisa ni kile ambacho hakikuwahi kutumika, kilichokaa kabatini tangu kilipofika kwa posta. Kile kilichonolewa hadi bapa likakonda, chenye mpini uliobadilika rangi kwa jasho la mwenyewe, hushushwa daraja. Kwa kipimo hicho kisu cha Walloon, kilichouzwa kikiwa kimetoka kukwangua mashua, kingewekwa kwenye meza ya bei nafuu.

Kwa hiyo mnunuzi wa mara ya kwanza asiye na fedha za kushindana na matajiri ana nafasi yake. Atafute kisu kilichotumika vizuri, chenye alama inayosomeka, kisichosuguliwa, na akishike mkononi kabla ya kulipa. Akitaka kipya, huagiza Orlando na kusubiri, na kusubiri huko huhesabiwa kwa miaka. Mtoto anayezaliwa siku ya kutuma oda huenda akawa amekwisha kuanza kutembea, kuzungumza na kuuliza maswali kabla kifurushi hakijafika mlangoni.