Sayyida Salme: Binti wa Sultan aliyedai mashamba yake

Ukitoka Mji Mkongwe wa Zanzibar kwenda Bububu, unapita Mtoni, penye magofu ya kasri kando ya bahari. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme, tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake alikuwa Sultan Said bin Sultan, na mama yake Jilfidan, suria mwenye asili ya Circassia. Ndani zaidi kisiwani ni Kizimbani, lililokuwa shamba la karafuu la Sultan. Leo wageni hupelekwa huko kunusa viungo na kuona hamamu la kale. Waliopanda na kuchuma karafuu hizo walikuwa watumwa, jambo ambalo harufu ya viungo huwasahaulisha wengi.

Said alipofariki mwaka 1856, Salme alirithi shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Alikuwa na miaka 12. Kwa siri alikuwa amejifunza kuandika, akinakili maneno ya Qur'ani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwani wasichana walifundishwa kusoma tu.

Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859 alifiwa na mama yake, na mwaka huo huo kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao mwingine, Majid, ambaye baadaye aliuanzisha mji wa Dar es Salaam. Salme, akiwa na miaka 15, akawa karani wa waasi. Barghash alijizatiti katika nyumba ya shamba la Marseille, lakini wanamaji wa Uingereza wakamsaidia Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Salme alikwenda kuishi shamba, Kizimbani na kisha Bububu. Majid alipomwomba ampishe balozi mdogo wa Uingereza nyumba ya Bububu, alikubali na kurudi mjini. Huko jirani yake alikuwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Walipendana, akapata mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na kuhamia Hamburg. Mwaka 1870 Ruete aligongwa na tramu na kufariki, akamwachia watoto watatu wadogo.

Madai ya urithi

Mwaka 1885 Salme alirudi Zanzibar pamoja na meli za kivita za Ujerumani kudai urithi wake. Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultan, alikataa kumwona: dada aliyeacha Uislamu hakuwa tena na fungu. Bismarck naye alikuwa na hesabu zake. Alichotaka ni Sultan asiizuie Ujerumani kujitwalia ardhi ya bara, na binti wa Sultan alifaa kuwa kisingizio. Barghash alipolegeza msimamo kuhusu bara, mashamba ya Salme hayakuwa na umuhimu tena kwa Berlin. Alijaribu tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu.

Kwa miaka mingi aliishi Beirut. Alifariki mjini Jena mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg, pamoja na mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi.

Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake. Muda mfupi baadaye iliamuliwa jina hilo liondolewe, kwa sababu katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, aliutetea utumwa.