Josef Sudek na dirisha lake

Dada yangu hunicheka. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, naweka kikombe kwenye dirisha la jikoni na kukipiga picha kwa simu, naye huniuliza kama nimekosa watu wa kupiga. Mimi humtajia Josef Sudek, jina lisilomwambia kitu. Basi nimwandikie yeye, na ninyi msome.

Sudek alizaliwa tarehe 17 Machi 1896 katika mji wa Kolín, Bohemia, wakati nchi hiyo ilikuwa bado chini ya Austria. Baba alikufa mapema. Kijana akajifunza mjini Praha kazi ya kujalidi vitabu. Kisha vita ya kwanza ya dunia ikampeleka Italia, akajeruhiwa, na mkono wake wa kulia ukakatwa kuanzia begani. Mtu mwenye mkono mmoja hajalidi vitabu. Akapewa kazi ya ofisini, akaikataa. Alichukua kamera, akaishi kwa pensheni ndogo ya askari, na kati ya 1922 na 1924 akasomea upigaji picha hapo Praha.

Mwaka 1926 alifuatana na marafiki wanamuziki hadi Italia. Usiku mmoja aliwaacha katikati ya tamasha, akaenda kutafuta shamba alikojeruhiwa. Alipapata mahali, ila mkono haukuwepo, na sijui alitazamia nini. Alirudi baada ya miezi miwili hivi. Tangu hapo hakusafiri tena nchi za nje.

Alipanga kibanda cha mbao ndani ya ua, mtaa wa Újezd, chenye dirisha linalotazama bustani na mti wa tofaa uliopinda. Wajerumani walipoikalia nchi, kuzunguka mitaani na kamera kubwa kukawa kugumu. Sudek akageukia dirisha. Kuanzia 1940 alilipiga miaka kumi na minne: kioo chenye umande, chenye barafu, chenye matone ya mvua. Juu ya ubao wa dirisha aliweka glasi ya maji, ua la waridi, yai, kipande cha mkate. Hakuwasha taa, alingoja mwanga uingie wenyewe, hata kama ni saa nzima. Tena mwaka huohuo aliacha kukuza picha. Alilaza karatasi moja kwa moja juu ya negativu, hivyo picha ikatoka kwa kipimo cha negativu yenyewe, na kila tone likabaki na ukingo wake.

Wapo wanaomwona kama mtu aliyejificha huku nchi ikiteseka. Zamani nilikubali. Siku hizi nikitazama ile glasi naona maji yanayotulia mezani kwa mtu ambaye kumimina tu, kwa mkono mmoja, kulikuwa kazi. Sidhani kwamba huko ni kujificha.

Hakuoa. Dada yake Božena, mpiga picha pia, aliishi naye na kumsaidia kazi. Kibanda kilijaa karatasi na santuri mpaka pa kupita pakawa padogo. Alifariki tarehe 15 Septemba 1976. Baadaye kibanda kiliungua, kikajengwa kingine kinachofanana nacho palepale.

Jana dada alinitangulia jikoni. Kikombe nilikikuta dirishani tayari, na chai ndani.