Michael Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyezungusha mwanga kwa sumaku

Kioo kilichoshindwa kazi yake ndicho kilichompa Michael Faraday ugunduzi alioanza kuusaka tangu 1822.

Alizaliwa London mwaka 1791, baba yake mhunzi, pesa ya mawazo. Shule? Kidogo tu. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na jamaa akawa anavisoma vile alivyopewa avijalidi. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika kila kitu, akajalidi daftari lake na kumtumia Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akawa msaidizi wa maabara Royal Institution.

Wengi tunamjua kwa umeme: 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya inazalisha umeme, na jenereta za leo bado zinafuata njia hiyohiyo. Lakini swali lingine lilimkaa kichwani. Je, umeme au sumaku vinaugusa mwanga?

Karibu na 1840 afya iliyumba, kumbukumbu ikaanza kumtoka, kazi ikapungua sana. Angeweza kuishia hapo.

Septemba 13, 1845 alirudi kwenye swali lake. Aliuakisi mwanga wa taa ya mafuta ili mawimbi yake yatikisike upande mmoja tu, kisha akageuza prizimu ya kutazamia hadi giza likaingia. Akajaribu hewa na vioo mbalimbali mbele ya sumaku ya umeme. Kimya. Ndipo akachukua kioo kizito chenye risasi, alichokitengeneza miaka ya 1820 kwa ajili ya darubini. Akawasha sumaku, na mwanga ukatokea. Yaani sumaku ilikuwa imeuzungusha.

Mwaka 1877 Mskoti John Kerr akaona mwanga unazunguka hata ukigonga sumaku na kurudi. Leo wanasayansi wanatumia mwanga kuchunguza multiferoiki, yaani vitu vyenye mpangilio wa umeme na wa sumaku kwa pamoja. Vingine sumaku zake za ndani zinafutana, ukivisogezea sumaku ya kawaida huoni kitu, ila leza inaweza kuusoma mpangilio huo.

Faraday hakutosheka. 1862 aliweka mwali wa moto katikati ya sumaku kuona kama rangi zake zitabadilika. Hakuona chochote, akafariki 1867. Mholanzi Pieter Zeeman alirudia jaribio hilo 1896 kwa vifaa bora, akaona badiliko, na 1902 akapata Nobel.