Imamu Shafii: Mwana wa Mjane Aliyeifuata Elimu Ugenini

Wengi wetu katika mwambao wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, lakini jina lake tunalijua kuliko maisha yake.

Muhammad bin Idris Ash-Shafii alizaliwa Gaza, Palestina, mwaka 150 Hijria (767 Miladia). Baba yake alifariki yeye angali mchanga. Mama yake, mjane asiye na mali, alimpeleka Makka kwa jamaa zake wa Kikureshi. Hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Yasimuliwa kwamba mtoto alisomeshwa bure kwa kuwasimamia wenzake, na kwamba aliandika masomo yake juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Hata hivyo, mama huyo alimruhusu kijana wake kusafiri hadi Madina kwa Imamu Malik, ambaye alifariki mwaka 179 Hijria.

Baadaye, akiwa mtumishi wa serikali Yemen, alisingiziwa uasi na kufikishwa mbele ya Khalifa Harun Rashid mwaka 184 Hijria. Alisalimika, na safari hiyo ya dhiki ikamkutanisha na Muhammad bin Hasan Ash-Shaybani, mwanafunzi mashuhuri wa Abu Hanifa.

Mzazi wa leo ampelekapo mwanawe kusoma Misri, Uturuki au Malaysia huhofia asije akarudi amebadilika. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini tumtazame Shafii. Wanazuoni wa Madina walishikamana na hadithi na mwenendo wa watu wa mji wa Mtume (S.A.W.), wale wa Iraq walipanua zaidi matumizi ya rai na kiyasi, na baina yao palikuwa na mvutano mkali. Mwanafunzi huyu wa Malik aliketi kwa Shaybani, akanakili vitabu vyake, akajadiliana naye kwa adabu bila ya kumkana mwalimu wake wa kwanza. Aliyekwishazisikia pande zote mbili ndiye aliyeandika Ar-Risala, kitabu cha misingi ya fiqhi.

Karibu na mwaka 199 Hijria alihamia Misri. Akiwa tayari imamu mwenye wafuasi, alizipitia upya fatwa zake za Iraq na kuzibadili nyingi. Ndiyo maana wanazuoni hutaja kauli ya kale na kauli mpya, na aghalabu hiyo mpya ndiyo tunayoifuata hivi leo.

Alifariki huko huko Misri, mwezi wa Rajabu mwaka 204 Hijria (820 Miladia), akiwa na umri wa miaka 54, na kaburi lake liko Cairo. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na mama yake.