Ngala, majimbo na sisi wa ukingo wa Tana

Naandika kutoka Kotile, ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Upande huu ni Garissa, ng'ambo ni Tana River. Kila uchaguzi ukikaribia, neno majimbo hufufuliwa, na likifufuliwa halikosi kufuatana na jina la marehemu Ronald Gideon Ngala. Wengi wanaolitaja jina hilo wanaijua barabara ya Mombasa au ile ya Nairobi iliyopewa jina lake, basi. Mwenye jina hawamjui, wala hawajui fikra yake kuhusu serikali aliitoa wapi.

Ngala alizaliwa Kilifi mwaka 1923, Mgiriama. Miaka tisa tu kabla yake, mwaka 1914, Waingereza walikuwa wameilipua Kaya Fungo kwa baruti ili kuwavunja Wagiriama nguvu baada ya upinzani wa Mekatilili wa Menza. Mtoto aliyekulia nchi ile aliwasikia wazee wakisimulia serikali kama kitu kilichotoka mbali, kikapiga, kikatoza kodi, kikaondoka na watu. Halafu kulikuwa na ardhi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, maelfu ya Wamijikenda wa mwambao walijikuta maskwota juu ya mashamba waliyoyalima wenyewe, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Alisoma Alliance, kisha Makerere, akarudi na cheti cha ualimu. Alifundisha Kaloleni, akawa mwalimu mkuu Mbale huko Taita, baadaye Buxton mjini Mombasa. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama, alichokiandika kwa Kiswahili. Mimi kitabu hiki nakipa uzito kuliko hotuba zake zote za baadaye. Mwalimu kijana, aliyefunzwa na wamishonari, anakaa chini kuandika mila za watu wake wakati ambapo wenzake wengi waliosoma walikuwa wakizikimbia. Ndani ya mtu huyo tayari kulikuwa na imani kwamba jamii ndogo ina akili yake ya kujitawala, na kwamba anayetaka kuitawala sharti kwanza aijue.

Machi 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, pamoja na akina Mboya, Odinga, Moi na Muliro. KANU ilipoundwa mwaka 1960 alipewa kazi ya mweka hazina akiwa nje ya nchi. Aliikataa. Juni mwaka huo huo, viongozi wa makabila madogo walikutana Ngong wakaunda KADU, na Ngala akawa kiongozi wake. Humo mlikuwa na Wakalenjin, Wamaasai, watu wa Pwani, na hata chama cha Wasomali. Kilichowaunganisha ni hofu moja: Mwingereza akiondoka na kiti chake kikabaki Nairobi, kitakaliwa na wenye idadi kubwa, nao watakigeuza chao.

Watu wa KANU walidai kwamba majimbo yalikuwa mafunzo ya walowezi wazungu. Ni kweli walowezi waliunga mkono, kwani nao walihofia mashamba yao. Lakini mtu aliyezaliwa miaka tisa baada ya Kaya Fungo hakuhitaji mlowezi wa kumfundisha kuogopa serikali ya mbali.

Mwaka 1961 KANU ilishinda uchaguzi ikakataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajafunguliwa. Ngala akakubali kuwa kiongozi wa shughuli za serikali, na wapo ambao hadi leo hawajamsamehe kwa hilo. Katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1962 alipata alichokitaka: katiba ya majimbo, mabaraza ya mikoa yenye sauti juu ya ardhi, na Seneti ya kuyalinda. Mwaka 1963 akawa rais wa jimbo la Pwani.

Hapa Waswahili wenzangu wa mwambao wana lao la kusema, na wana haki. Wale wa Mwambao waliotaka ukanda wa maili kumi ujitenge walimkuta Ngala akiwapinga. Nairobi ilikuwa mbali mno kumtawala Mgiriama, lakini Mswahili wa Lamu au Malindi alitakiwa aridhike na jimbo ambalo wengi wake walikuwa Wamijikenda. Ngala alijibu swali la udogo wake mwenyewe. Udogo uliomo ndani ya jimbo lake hakuupatia jibu.

Sasa njoo Kotile. Tume iliyotembea mwaka 1962 kuuliza maoni ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuta Wasomali wengi wakitaka kuungana na Somalia. Machi 1963 Waingereza wakatangaza badala yake jimbo la saba, Kaskazini Mashariki. Wasomali wakasusia uchaguzi wa mwaka huo. Kwa hiyo jimbo letu lilizaliwa kwenye karatasi tu, na kabla ya Desemba kwisha likawekwa chini ya hali ya hatari. Vikafuata vita vya shifta hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikaendelea hadi mapema miaka ya 1990. Mzee wa Kotile aliyeishi miaka hiyo anaijua serikali kwa sare yake. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuhakikiwa kama ni raia. Ukimweleza mzee huyo kwamba kazi ya serikali ni zahanati na bomba la maji, anakusikiliza kwa adabu tu.

Ngala hakuyapigania majimbo muda mrefu. Wabunge wake walihama mmoja mmoja, Nairobi ikabana fedha, na Novemba 1964 akaivunja KADU na kujiunga na KANU. Baadaye alikuwa waziri chini ya Kenyatta, na Seneti nayo ikafutwa. Desemba 1972 alipata ajali ya gari Konza, akafariki tarehe 25. Mwenzake wa KADU, Moi, alikuja kuwa rais mwaka 1978, na miaka minne baadaye nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Hofu ya serikali kuu ilimtoka alipoishika mwenyewe.

Neno majimbo lilirudi miaka ya 1990 likiwa na panga mkononi, Bonde la Ufa na kisha Likoni mwaka 1997. Likaja tena kwa jina la ugatuzi katika katiba ya 2010, na tangu 2013 tuna kaunti 47. Siwezi kukana faida yake. Zahanati na barabara za vijijini sasa zinaulizwa Garissa mjini, si Nairobi, na gavana anajua akipuuza kata fulani atakutana nayo kwenye kura.

Lakini mpaka wetu bado haujatulia. Wapo ng'ambo wanaosema Tana River inafika maili tatu mashariki ya mto, na hivyo Kotile iko ndani yake. Wa upande huu wanasema mpaka ni mto wenyewe. Kati yao yupo mkulima wa Kipokomo mwenye shamba ukingoni, na mfugaji Msomali ambaye ng'ombe wake lazima wanywe maji kiangazi, mpaka uwe wapi uwe. Kila mmoja anaomba serikali yake imlinde dhidi ya mwenzake, na wakati wa kiangazi njia ya mifugo kwenda mtoni ni ile ile inayopita katikati ya mahindi.